Namna ya Kulisoma Jengo Refu la Fleti la Zege

Wapitanjia wengi wakitazama jengo refu la zege huona ukuta mmoja wa kijivu, nao huondoka wakisema ni baya. Kwa sisi wa Kampala tunaopenda majengo, mwalimu mzuri wa kutufundisha kulisoma jengo la namna hiyo ni Trellick Tower ya London, lililobuniwa na Ernő Goldfinger, likakamilika mwaka 1972, na kuingizwa katika orodha ya majengo yanayolindwa kisheria mwaka 1998. Lina ghorofa 31, kimo cha takriban mita 98, na fleti 217.

Anza na njia, sura uiache kwanza. Jiulize mkaazi anatokaje barabarani hadi mlangoni pake. Katika Trellick, lifti ziliwekwa ndani ya mnara mwembamba unaosimama kando, ukaunganishwa na jengo la makazi kwa vivuko vya juu kila baada ya ghorofa tatu. Uamuzi huo mmoja unaeleza karibu kila kitu kingine: kelele za mitambo hukaa mbali na vyumba vya kulala, lifti husimama mara chache, na kwa kuwa ghorofa nyingi hazina korido, fleti zake huweza kuenea kutoka upande mmoja wa jengo hadi wa pili, zikapata mwanga na hewa mbele na nyuma. Ukishauelewa mpango huo, lile umbo lake linaloshangaza wengi utaliona kuwa ni jambo la akili kabisa.

Majengo yetu mengi ya zamani ya fleti hayana lifti, kwa hiyo huku chunguza ngazi: zimefungwa gizani, au zimeachwa wazi nyuma ya matofali ya matundu ili upepo upite? Kisha angalia jua. London huko kaskazini watu hulitafuta, lakini Kampala iko karibu kabisa na Ikweta, na jua linaloumiza ni lile la alasiri linaloingia likiwa chini kutoka magharibi. Simama uani saa kumi jioni uone kivuli cha roshani kinafika wapi dirishani; hapo utajua kama mbunifu aliifikiria nchi hii.

Sasa karibia uguse. Kuta za Trellick ziligongwa kwa nyundo zenye meno baada ya mbao za kumwagia zege kuondolewa, mpaka ngozi laini ya saruji ikatoka na kokoto zikaonekana. Kwenye majengo mengine utakuta alama za mbao zenyewe, hata mistari ya nyuzi zake. Huo ni mwandiko wa mafundi, na kuupaka rangi ni kuufuta.

Kagua pia ugonjwa. Zege jipya huikinga nondo isishike kutu, lakini hewa ya ukaa inapopenya taratibu kwa miaka mingi, kinga hiyo huisha. Unyevu ukifika, nondo hushika kutu, huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Tafuta madoa ya kahawia chini ya roshani, kisha gonga polepole kwa nyundo ndogo, usigonge kamwe ukiwa umesimama chini ya kipande kinachoning'inia. Penye afya hulia kwa sauti kavu na ya juu. Mahali zege lilipoachana na nondo hulia kama debe tupu. Niliwahi kuona ufa wa aina hiyo ukifunikwa kwa rangi mpya bila kutibiwa, na baada ya misimu michache ya mvua kipande cha ukingo kikaanguka mahali watoto walipozoea kucheza. Nashukuru hawakuwapo siku ile.

Kabla ya kupiga picha, omba ruhusa kwa askari wa lango, kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la serikali ya mtaa), na kwa wakaazi wenyewe, kwa sababu hizo ni nyumba za watu. Usichelewe lakini: makazi ya zamani ya Nakawa na Naguru, yaliyotokana na mipango ambayo Ernst May, mbunifu na mpangaji miji Mjerumani, aliifanyia Kampala miaka ya 1940, yalibomolewa mwaka 2011, na leo huwezi tena kuyapima pale.

Andika tarehe, upande wa dira na ghorofa kwenye kila picha, chora mpango wa fleti moja kwa vipimo vya futi kamba, kisha mwachie mwenyekiti wa wakaazi nakala.