Somo: Kugawana madeni ya ndoa mbele ya mpatanishi

Ndugu wanachama, somo la mali tulilimaliza, na mkaomba la madeni. Wengi wanaofika kwenye upatanishi hapa Nakuru huja na hati ya shamba mkononi na hesabu ya ng'ombe kichwani, lakini ukiwauliza nyumba yao inadaiwa kiasi gani, wanabaki kutazamana.

Kabla ya hatua zenyewe, tuondoe kosa moja. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mali ya ndoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja, bali kila mmoja hupata kwa kadiri ya mchango wake, ukiwemo mchango usio wa fedha kama kulea watoto na kulima. Wengi wakadhani kwamba madeni nayo yanafuata mkondo huo, kumbe Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 kinataka deni lililoingiwa wakati wa ndoa, kwa manufaa ya ndoa hiyo, libebwe na wote wawili kwa usawa. Ugomvi wote huanzia kwenye neno hilo, manufaa.

Hatua ya kwanza ni kuyaanika madeni yote kabla ya kikao. Kila mmoja alete taarifa ya mkopo kutoka benki au sacco, hati ya mshahara inayoonyesha makato, daftari la chama, barua ya karo kutoka shuleni, na taarifa ya M-Pesa ya miezi ambayo mnabishania. Msisahau deni la duka la pembejeo wala lile la mwenye mawe na mchanga, kwa sababu madeni yasiyo na karatasi ndiyo hurudi kuvunja makubaliano. Andikeni salio la siku moja mliyokubaliana, kwa kawaida siku mliyotengana, ili anayekopa baada ya hapo ajue anajikopea.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kiini cha kazi, ni kuuliza kila deni lilifanya nini. Chukueni mfano wa mume aliyekopa shilingi 480,000 kwenye sacco. Shilingi 300,000 ziliezeka nyumba na kuweka lango, na 180,000 alimpa nduguye atengeneze matatu. Salio sasa ni 320,000. Mke anasema deni si lake hata kidogo, mume anasema wagawane katikati, na wote wawili wamekosea. Sehemu ya nyumba ni tano kwa nane ya mkopo, kwa hiyo katika salio ni 200,000, na kila mmoja anabeba 100,000. Zile 120,000 zilizobaki ni za mume na nduguye. Nimeona mabishano ya miezi mitatu yakitulia mara hesabu kama hii ilipoandikwa kwenye karatasi moja, wote wawili wakiiinamia.

Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, nami naiona kuwa ya hatari zaidi. Mkopeshaji hakuwa kwenye kikao chenu, na makubaliano yenu hayamfungi. Katika mfano wetu sacco itaendelea kukata mshahara wa mume peke yake, hata kama karatasi yenu inasema mke analipa 100,000. Basi andikeni namna fedha hizo zitakavyomfikia: ama mke amtumie 5,000 kila mwezi kwa miezi 20, ama zipunguzwe kwenye fungu lake la mali. Semeni pia riba itakayoongezeka ni ya nani, na nini kitafuata malipo yakikosekana miezi miwili.

Hatua ya nne ni fupi. Kesi ikiwa tayari mahakamani na ikaelekezwa kwenye upatanishi, mnatarajiwa kumaliza ndani ya siku 60. Yaliyosemwa humo ni siri, na makubaliano yaliyotiwa sahihi huwasilishwa mahakamani yakawa amri. Penye vipigo au vitisho, mwambieni mpatanishi mapema awasikilize kila mmoja kivyake.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Molo: Mwalimu, nilimdhamini mume wangu kwenye sacco. Tukishaachana, udhamini wangu unakwisha?

Jibu: Haukwishi, dada. Ulitia sahihi kama mwanachama, si kama mke, na akiacha kulipa sacco inaweza kuzigusa akiba zako. Dai makubaliano yataje tarehe ambayo ataleta mdhamini mwingine, kisha uhakikishe sacco yenyewe imekuondoa kwa maandishi.

Swali kutoka Kisumu: Mke wangu anasema mikopo yangu ya simu ilikuwa ya kamari. Mingine ilikuwa ya unga na kodi ya nyumba. Nitathibitishaje?

Jibu: Taarifa ya M-Pesa itakusemea, au itakusema. Mkopo ulioingia saa mbili asubuhi na kodi ikatoka saa tatu ni wa nyumba. Ulioingia usiku na kwenda moja kwa moja kwenye kampuni ya ubashiri ni wako, ndugu yangu, na ni heri uukiri mapema kuliko kuonyeshwa.

Swali kutoka Kakamega: Mume aliweka rehani nyumba tunayoishi bila mimi kutia sahihi. Nalo tugawane?

Jibu: Msiligawe kwanza. Sheria hairuhusu nyumba ya ndoa iwekwe rehani bila ridhaa ya wote wawili, kwa hiyo huenda rehani yenyewe haina nguvu. Peleka hati kwa wakili kabla hujatia sahihi makubaliano yoyote, kwa sababu ukikubali mezani kulipa sehemu ya deni hilo, benki inaweza kudai kwamba uliliridhia.