Kuandaa karakana ya nyumbani Dar es Salaam: hewa kwanza, mashine baadaye

Mwenye nyumba anayetaka kugeuza banda la gari kuwa karakana kwa kawaida huanza kwa kuorodhesha mashine atakazonunua Kariakoo, kisha hutafuta mahali pa kuzipanga. Mpangilio huo una kasoro. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, joto la mchana kati ya Desemba na Machi huvuka nyuzi 30, na hewa ya bahari hubeba unyevu na chumvi mwaka mzima. Ushauri mwingi unaosambaa kuhusu karakana za nyumbani umeandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao shida yao ya kwanza ni kuziba nyufa na kuweka hita, na msomaji wa Tabata au Kigamboni akiufuata neno kwa neno atajijengea tanuri. Chumba kisichokalika saa nane mchana hugeuka stoo, hata kikiwa na zana bora kuliko za fundi yeyote mtaani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na paa.

Paa, upepo na kivuli

Banda la kawaida la gari moja lina upana wa mita 3 na urefu wa mita 6, kuta za tofali za saruji, na juu yake mabati yasiyo na dari. Mabati yakishapata moto humwaga joto kuelekea chini, na anayefanya kazi hulihisi kichwani na mabegani hata kabla hewa ya ndani haijachemka. Kupaka mabati rangi nyeupe kwa nje ndiyo hatua ya bei nafuu kuliko zote, kwa sababu rangi hiyo hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Hatua ya pili ni kutandika karatasi ya foili chini ya mabati, huku ukiacha nafasi ya hewa ya angalau sentimita 2 au 3 kati yake na bati, kwani foili iliyogusana na bati hupokea joto moja kwa moja na kulipitisha. Anayeweza kumudu dari la plaiwudi au jipsamu aliweke, lakini asisahau kuacha matundu kwenye pembetatu za kuta pande zote mbili za paa, la sivyo hewa ya moto itafungiwa juu ya dari na kulipasha joto hadi usiku.

Upepo wa Dar es Salaam una majira yake, na mjenzi mwenye busara huufuata. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Kusi hutoka kusini mashariki kuanzia Aprili hadi karibu na Oktoba. Kwa kuwa miezi ya kaskazi ndiyo ya joto kali, dirisha linaloelekea kaskazini mashariki lina thamani kuliko dirisha lingine lolote utakalofungua, mradi kuwe na tundu upande wa pili la kutolea hewa hiyo. Weka tofali za matundu chini karibu na sakafu na nyingine juu karibu na paa, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kutoka juu, ikivuta hewa ya chini iingie. Wavu wa mbu ni lazima kwa anayefanya kazi jioni, ila hupunguza upepo kwa kiasi kinachohisika, hivyo dirisha lenye wavu lifanywe kubwa zaidi. Ukuta wa magharibi usifunguliwe kabisa: hapo panga makabati na rafu, ambazo zitasimama kati yako na ukuta uliopigwa na jua la alasiri.

Mlango unahitaji kufikiriwa peke yake. Geti la bati hulinda mali lakini huzuia hewa, na wengi hulazimika kuchagua kati ya usalama na upepo. Tengenezesha geti la pili la nondo, lifungwe kwa ndani ya lile la bati. Unapofanya kazi, la bati liwe wazi na la nondo limefungwa kwa komeo, na kibaka hatapata nafasi ya kunyakua drili wakati umeipa barabara kisogo.

Feni haishushi joto la hewa, bali hukausha jasho mwilini, kwa hiyo feni ya juu inayozungusha hewa ileile haisaidii kama feni kubwa ya ukutani iliyowekwa nyuma yako, ikisukuma hewa kuelekea mlangoni pamoja na vumbi. Kuhusu kiyoyozi, maoni yangu ni kwamba fedha hizo zina matumizi bora. Kiyoyozi hudai chumba kilichofungwa, ilhali karakana hudai chumba kilicho wazi, na vumbi la mbao huziba vichujio vyake upesi. Uniti za LUKU zitakazoliwa na mashine zinatosha.

Umeme usiotegemea ekstensheni

Soketi ya kawaida ya pini tatu hubeba ampea 13, yaani takriban wati 3,000 kwa umeme wetu wa volti 230. Grainda ndogo hutumia wati 700 hadi 900, msumeno wa duara hufika wati 1,200 hadi 1,800, na kompresa ya nguvu farasi 2 hukaribia wati 1,500, tena mota huvuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko huo katika sekunde ya kuwaka. Ukiunganisha viwili kati ya hivyo kwenye ekstensheni moja iliyopitishwa dirishani kutoka sebuleni, waya utapata moto, hasa ukiwa umeviringishwa, kwa kuwa mizunguko ya waya hushikilia joto.

Mwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, avute laini ya karakana kutoka kwenye bodi kuu, kwa waya wa milimita za mraba 4 au 6 kulingana na umbali na mashine, na aweke bodi ndogo ndani ya karakana yenyewe. Taa ziwe na breka yake peke yake. Soketi zikizidiwa na breka yao ikaruka, hutaachwa gizani huku msumeno ukiendelea kuzunguka mbele yako. Soketi ziwekwe karibu sentimita 110 kutoka sakafuni, juu kidogo ya meza, ambako haziwezi kufunikwa na mbao zilizoegemezwa wala kufikiwa na maji ya masika.

Usikubali kazi ikamilike bila kifaa cha kukata umeme unapovuja, chenye kiwango cha miliampea 30. Ngozi yenye jasho hupitisha umeme kwa urahisi kuliko ngozi kavu, na hapa mjini hakuna anayefanya kazi ya mikono bila kutoka jasho. Fundi apime pia waya wa ardhi kwa kipimo chake, kwa maana fimbo iliyozamishwa kwenye mchanga mkavu, kama ulivyo udongo wa sehemu nyingi za jiji, inaweza kuwapo kwa macho tu bila kufanya kazi.

Umeme hukatika, na uniti huisha katikati ya kazi. Mashine iliyoachwa ikiwa imewashwa itaanza kuzunguka pindi umeme utakaporudi, pengine mtoto akiwa ameiegemea, kwa hiyo zoea kuzima swichi ya mashine kabla hujatoka kwenda kununua uniti. Kwa msumeno wa meza, tafuta swichi ya aina ambayo haijiwashi tena hadi ibonyezwe. Umeme ukishuka sana hadi mota inaguguma, acha kazi; mota inayolazimishwa kwa volti ndogo huvuta ampea nyingi na kuunguza koili zake.

Mwanga

Kazi za mezani zinahitaji mwanga wa karibu laksi 500, yaani lumeni 500 (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa) kwa kila mita ya mraba. Kwa banda la mita za mraba 18 hiyo ni lumeni 9,000, na kwa kuwa taa ya LED ya mita 1.2 yenye wati 18 hutoa takriban lumeni 1,800, taa tano zingetosha kihesabu na sita zinatosha kwa kweli, kwa sababu vumbi na kona hula mwanga. Chagua zenye mwanga mweupe wa kelvini 4,000 hadi 5,000, kipimo cha rangi ya mwanga kinachoandikwa kwenye boksi kwa herufi K. Safu moja ipite juu ya ukingo wa mbele wa meza. Ikiwa nyuma ya mgongo wako, utafanya kazi ndani ya kivuli chako mwenyewe. Ondoa zile taa ndefu za zamani zenye choki, maana humemeta mara 100 kwa sekunde na zinaweza kuifanya bapa la msumeno linalozunguka lionekane limesimama.

Meza, miguu na sakafu

Meza nzuri ya kazi huanza na mwili wa mtumiaji. Simama wima, mikono ikining'inia: usawa wa kifundo cha mkono, kwa watu wengi sentimita 85 hadi 95, ndio kimo kinachofaa kwa kuranda na kupiga msasa. Mdomo wa jiliwa, yaani kibanio cha mezani, uwe usawa wa kiwiko, kwa kazi ya tupa. Fremu ya mbao za inchi mbili kwa nne inatosha, au ya chuma kutoka kwa wachomeleaji wa Gerezani, na uso wake uwe plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogundishwa pamoja. Urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 60 huacha nafasi ya kupita hata gari likirudi usiku. Upana zaidi ya huo hukusanya takataka tu.

Sakafu ya zege huchosha miguu, na mkeka mnene wa mpira mahali unaposimama huleta nafuu kubwa kuliko gharama yake. Kabla ya kupaka rangi ya epoksi, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 juu ya sakafu kwa selotepu pande zote na ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake, unyevu unapanda kutoka ardhini na rangi hiyo itabanduka.

Kutu

Mikocheni, Msasani na Kigamboni zana hupata kutu ndani ya kabati, kwani chumvi ya hewa huvuta unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Paka meza za mashine nta na patasi mafuta mepesi ya mashine kila umalizapo kazi, na usiziache zana kwenye maboksi ya kadibodi, ambayo hunyonya maji. Kabati lenye mlango unaofunga vizuri na pakiti kadhaa za silika jeli hutosha kwa zana ndogo. Silika jeli ikishashiba unyevu hukaushwa kwenye oveni na kutumika tena. Mbao nazo ziwekwe kwenye rafu, mbali na sakafu na ukuta, ili mchwa wasizifikie bila kuonekana.

Vumbi, moto na majirani

Vumbi la mbao limeorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mninga hujulikana kwa kuamsha pumu na chafya. Barakoa ya hospitali haizuii vumbi laini kwa sababu haibani usoni. Nunua ya kiwango cha N95 au FFP2. Siku isiyo na mvua, toka nje upige msasa chini ya kivuli kama wafanyavyo mafundi samani wa Keko, maana hakuna mashine ya kunyonya vumbi inayoshinda uwanja wenye upepo.

Mvuke wa petroli na thina ni mzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo gari na madumu viondolewe kabla ya kuwasha grainda. Matambara yenye mafuta ya kitani yanaweza kuwaka yenyewe yakirundikwa. Yaanike yakiwa yametandazwa au yatumbukize kwenye kopo la maji. Kizimamoto cha unga kining'inizwe kando ya mlango, mahali unapoweza kukifikia ukikimbia, na namba ya zimamoto, 114, iandikwe juu yake.

Katika viwanja vilivyobanana vya Sinza au Kijitonyama, kelele za grainda huingia chumbani kwa jirani bila kubisha hodi. Weka vipande vya mpira chini ya miguu ya kompresa, zana za kelele zitumike kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi na mbili jioni, na mtaani kukiwa na msiba zizimwe kabisa hadi matanga yaishe. Kazi za kupaka vanishi na kunoa patasi zinaweza kufanyika siku hizo.