Pelmeti na Vipazia vya Juu ya Dirisha: Kupima, Kutengeneza na Kufunga

Pelmeti, yaani ubao au boksi linalofungwa juu ya dirisha, huficha fimbo ya pazia na kulipatia dirisha kichwa. Kinachoiharibu mara nyingi si ushonaji wala rangi, bali vipimo vilivyochukuliwa kwenye dirisha badala ya kwenye fimbo, na skrubu zilizoishia kwenye plasta. Kwa hiyo anza na ukuta. Kitambaa kitasubiri.

Ukuta na matundu ya hewa

Nyumba nyingi za Uganda zina matundu ya hewa juu ya dirisha, yamefunikwa wavu wa mbu. Pelmeti yenye kifuniko juu ikikaa mbele ya matundu hayo hukata hewa, chumba kikawa kizito na ukuta ukaota ukungu. Hewa ya sumu ya makaa haina harufu, na matundu hayo ni sehemu ya njia yake ya kutokea. Hata yakiwa wazi, sigiri (jiko la makaa) ibaki nje. Penye matundu, tengeneza pelmeti isiyo na kifuniko: ubao wa mbele na mbavu mbili (vipande vya pembeni) tu, juu wazi, ikiwa chini ya dari kwa sentimita 5 au zaidi. Pasipo matundu, weka kifuniko. Kinazuia vumbi na mwanga unaopenya kwa juu, na kinashika boksi lisipinde.

Kando ya ziwa, Entebbe kwa mfano, visubi hufuata taa na kufia karibu na dirisha. Pelmeti iliyo wazi itawakusanya nyuma yake, kwa hiyo ifunge kwa namna ya kuweza kuishusha.

Kisha gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Juu tu ya dirisha kwa kawaida pana lenta ya zege: sauti ni nzito, na dreli itahitaji kuwekwa kwenye hali ya kugonga. Ukipanda zaidi unakutana na tofali la kuchoma, ambalo ukilitoboa kwa kugonga huko huko linapasuka na tundu linakuwa pana kuliko plagi ya plastiki inayoshika skrubu. Zima kugonga unapoingia kwenye tofali. Angalia pia kama upande wa nje wa ukuta ule kuna taa ya ulinzi, kwa sababu waya wake huenda unapita juu ya dirisha. Ukiwa na shaka, zima umeme kwenye swichi kuu na utumie dreli ya betri.

Vipimo

Fimbo ya pazia ifungwe kwanza, au angalau vishikizo vyake. Ipite dirisha sentimita 15 kila upande ili pazia likifunguliwa lisile kioo. Halafu pima fimbo kutoka ncha hadi ncha, pamoja na vichwa vyake vya urembo, na ongeza sentimita 5 kila upande. Huo ndio upana wa ndani wa pelmeti.

Kina, yaani umbali kutoka ukutani hadi mbele, ni sentimita 12 kwa fimbo moja na 15 kwa fimbo mbili (pazia zito na shela, pazia jepesi la ndani). Kikiwa kidogo, pazia hukwaruza ubao kila linapovutwa, na baada ya miezi kadhaa utaona mstari uliochakaa kwenye kitambaa.

Urefu wa kushuka uwe kati ya sehemu moja ya tano na moja ya sita ya pazia lote. Pazia la sentimita 220 linapendeza na pelmeti ya sentimita 37 hadi 44. Chumba cha dari fupi kisizidi 35. Ukingo wa chini ufunike fremu ya juu ya dirisha kwa sentimita 5 hivi. Ukishuka zaidi ya 10 kwenye kioo, unajinyima mwanga bure.

Kipazia cha kitenge

Kipazia ni kitambaa kifupi chenye marinda kinachoning'inia mahali pa pelmeti. Hii ndiyo njia rahisi, cherehani moja na jioni moja. Kinahitaji fimbo yake mbele ya fimbo ya pazia, kwa hiyo nunua vishikizo vya fimbo mbili.

Kwa fimbo ya sentimita 180 yenye unene wa sentimita 2.5, mita 2 za kitenge zinatosha. Loweka kwenye maji, fua na upige pasi kabla ya kukata, kwa maana vitenge hurudi na vingine huchuja rangi. Kitenge cha upana wa sentimita 114 hivi kikate kwa urefu upate vipande viwili vya sentimita 54. Viunge mwisho kwa mwisho: utapata karibu mara mbili ya upana wa fimbo, na hapo ndipo marinda yanapojaa. Chini ya mara moja na nusu kinakuwa shuka lililoning'inizwa.

Pinda kingo za pembeni. Chini pinda sentimita 1 kisha 4. Juu kunja sentimita 1 kisha 8. Shona mstari mmoja sentimita 3 kutoka ukingo wa juu, na mwingine kwenye mwisho wa mkunjo. Katikati ya mistari hiyo ndimo fimbo inamopita, na zile sentimita 3 za juu zinasimama kama kishungi. Kipazia kilichokamilika kinakuwa na sentimita 40.

Kama michoro ya kitenge ina kichwa na miguu, ndege kwa mfano, kukata kwa urefu kunaweza kuwalaza ubavu. Kata kwa upana badala yake: vipande vinne vya sentimita 54, jumla mita 2.2 za kununua. Na weka bitana nyeupe nyuma. Bila bitana jua la mchana huonyesha kila mshono na kila pindo, na rangi hupauka upesi.

Pelmeti ya plaiwudi yenye sponji

Tuchukue dirisha la futi 5 na fimbo ya sentimita 190 pamoja na vichwa vyake. Upana wa ndani ni sentimita 200. Tumia plaiwudi ya milimita 12. Ya milimita 6 hupinda katikati kama mgongo wa ngamia, na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) ni nzito tena huvimba ikipata unyevu.

Kwa kila pelmeti kata: ubao wa mbele sentimita 202.4 kwa 40, mbavu mbili za 15 kwa 40, na kifuniko cha 200 kwa 15. Karatasi moja ya futi 8 kwa 4 inatoa pelmeti mbili kamili kama ikikatwa kwa mpango: mbele mbili na vifuniko viwili vilale kwa urefu, na mbavu zote nne zitoke kwenye kipande cha sentimita 41 kinachobaki mwishoni. Mwachie muuza mbao wa Ndeeba, Kampala, au wa mjini kwenu aikate kwa mashine. Msumeno wa mkono unachana ukingo, na ukingo uliochanika hauungani vizuri.

Kifuniko kikae katikati ya mbavu, na ubao wa mbele ufunike kingo za vyote vitatu. Paka gundi ya mbao, kisha skrubu za inchi 1½ kila sentimita 20, ukitanguliza tundu jembamba ili plaiwudi isifunguke tabaka. Acha gundi ikauke usiku mzima. Kwa pelmeti isiyo na kifuniko, ongeza mbao ya inchi 2 kwa 1 ndani, kwenye ukingo wa juu wa ubao wa mbele, pamoja na vipande vya mbao kwenye kona mbili. Paka dawa ya mchwa kabla ya kuvalisha, hasa mbao za msizi au paini.

Sponji ya nusu inchi inatosha. Ya inchi moja hufanya pelmeti ionekane kama kiti. Ibandike mbele na kwenye mbavu, na uikate sawa na ukingo.

Kitambaa kiwe kipande cha sentimita 260 kwa 60. Hapa kuna hesabu ya kuokoa fedha. Vitambaa vingi vya mapazia vina upana wa mita 2.8. Kisicho na michoro kinaweza kugeuzwa ubavu, na sentimita 60 tu zinatosha pelmeti moja. Chenye maua yanayosimama nunua mita 2.6, lakini kitakupa vipande vinne. Mapazia ya mtumba ya soko la Owino, Kampala, nayo yanafaa, na mengi yana bitana tayari.

Laza kitambaa kifudifudi mezani, weka boksi juu yake, sponji ikitazama chini. Piga pini za stepla katikati ya ukingo wa juu, katikati ya chini, kisha endelea kwenda pembeni ukibadilishana juu na chini, sentimita 4 kati ya pini na pini. Ukianzia pembeni, mkunyanzi wote utakusanyika katikati na hautatoka. Tumia stepla ya fundi makochi na pini za milimita 8 au 10. Misumari ya nusu inchi hutokeza upande wa pili. Kona kunja kama bahasha, punguza kitambaa kilichozidi ndani, piga pini mbili.

Olubugo, kitambaa cha gome la mutuba ambacho UNESCO ilikitambua mwaka 2005, kinapendeza sana mbele ya pelmeti isiyo na sponji. Usikivute kwa pini: huchanika. Kibandike kwa gundi ya mbao, tabaka jembamba, ukisukuma kwa kiganja kutoka katikati, na usikifue kamwe. Ila jua kwamba Buganda olubugo ni nguo ya mazishi na ya sherehe za kifalme. Mgeni mwenye umri anaweza kuuliza.

Kufunga

Pelmeti kama hii ina kilo 8 au 9, kwa hiyo muwe wawili. Kata mbao ya inchi 2 kwa 1 yenye urefu wa sentimita 198. Hiyo itafungwa ukutani na kubeba kifuniko. Iweke kwa pimamaji, ukingo wake wa juu ukiwa angalau sentimita 15 chini ya dari ili mkono na bisibisi vipate nafasi. Dari ikiwa karibu kuliko hapo, funga kwa vyuma vya pembe kutoka chini, na ufuate mstari wa dari hata kama pimamaji linakataa: jicho huona pengo lisilo sawa kabla ya kuona kitu kingine.

Toboa matundu matano, tundu kila sentimita 45 hivi, kwa ncha ya milimita 8 hadi kina cha sentimita 6. Plasta huwa na sentimita 1.5 au zaidi na haishiki chochote, hivyo plagi ya plastiki izame mpaka iingie kwenye tofali au zege. Vumbi likitoka la kijivu na laini ghafla wakati ulikuwa unatoboa tofali jekundu, uko kwenye kiungo cha saruji. Sogea sentimita 3 pembeni. Tundu likipanuka, lijaze saruji na kijiti cha mbao, subiri siku mbili. Skrubu ziwe za inchi 2½, maana zinapita mbao kwanza. Kwa pelmeti iliyo wazi, tumia vyuma vya pembe viwili kila ubavu, kwa ndani.

Kalisha kifuniko juu ya mbao hiyo ya ukutani, kaza kwa skrubu nne za inchi 1½ kutoka juu. Usizifiche kwa gundi wala rangi. Utazifungua ukitaka kukung'uta vumbi, na vumbi jekundu la kiangazi likilowa linakuwa doa, kwa hiyo piga brashi kavu kwanza, kitambaa chenye maji baadaye.

Jikoni juu ya jiko usiweke kitu.