Muda wa ndege kati ya Songwe na Nduli
Umbali wa anga kati ya kiwanja cha Songwe, Mbeya, na kile cha Nduli, Iringa, ni takriban kilomita 300, ambazo ndege ya mapangaboi yenye mwendo wa kilomita 500 kwa saa huzimaliza kwa dakika 36 hivi; ongeza kama dakika 10 au 15 za kupaa na kushuka. Kinachosahaulika zaidi ni barabara ya kutoka mjini Mbeya hadi kiwanjani: Songwe iko magharibi mwa jiji, kinyume na uelekeo wa Iringa, na foleni ya malori kati ya Iwambi na Mbalizi inaweza kula muda mrefu kuliko safari yenyewe ya angani. Tafadhali hakikisha pia kama ndege yako inakwenda moja kwa moja, kwani kupitia Dar es Salaam hubadili hesabu yote.