Ukinunua kamera ya ulinzi, uliza tarehe kabla ya bei

Mlioko Uingereza: tangu Aprili 29, 2024, sheria hairuhusu kamera mpya za intaneti kuuzwa zote zikiwa na nywila moja, ile ya 12345 ambayo hata mwizi anaijua. Mtengenezaji lazima pia atangaze kamera itapata masasisho ya usalama hadi lini. Tarehe hiyo ndiyo ya kutafuta. Ya bei chee inayoishiwa masasisho mwakani, mimi naiacha dukani. Ukinunua ya mtumba, irudishe kwanza kwenye hali ya kiwandani na mwambie aliyekuuzia aiondoe kwenye akaunti yake. La sivyo, huenda akawa bado anatazama sebule yako. Na kama inamulika uwanja wa jirani, sheria ya ulinzi wa data inakuhusu wewe mwenyewe.