Gari ndogo yenye raha ya kuendea kazini Unguja: hivi ndivyo ninavyoichagua

Vijana wengi huja gereji kwangu Fuoni na picha kwenye simu: Toyota Altezza imeshushwa, rimu za inchi 18, na swali moja: "Fundi, niagize hii?" Mimi huwauliza kwanza wanalala wapi na wanafanya kazi wapi. Nami hapa nitaanzia hapo hapo.

Hatua ya 1: Ipime njia kabla ya gari

Panda dalala au gari ya jamaa, uipite njia utakayoipita kila siku. Hesabu matuta. Angalia lami inakomea wapi, na kutoka lami mpaka mlangoni kwako kuna nini. Wengi wetu hatuna tatizo na barabara kuu. Tatizo ni zile mita mia mbili za kifusi na mawe za kuingilia mtaani, ambazo masika huzigeuza mto. Anayekwenda Paje ajue kuwa Jozani kuna matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, na bampa iliyoshushwa haiyapiti salama.

Halafu chukua futi. Pima kutoka ardhini mpaka sehemu ya gari iliyo chini kabisa, mara nyingi ekzosi au mdomo wa bampa. Mimi chini ya sentimita 12 sinunui, na huwa napima watu wanne wakiwa ndani, maana siku ya harusi gari haitakwenda na mtu mmoja.

Hatua ya 2: Tafuta wepesi, usitafute nguvu

Hapa wateja wengi hubishana nami. Kutoka Mjini mpaka Nungwi hazifiki kilomita 70, na njiani kuna baiskeli, ng'ombe na watoto wanaotoka skuli. Nguvu za farasi 200 utazimaliza wapi? Raha yetu iko kwenye kona, kwenye gia inayoingia vizuri, na kwenye usukani unaokuitikia mara moja. Gari ya kilo elfu na kidogo, ya gia za mkono, hata kwenye mwendo wa 60 unahisi kazi ya mikono yako. Ndugu zetu wa Pemba, wenye vilima na kona zao kati ya Chake na Mkoani, wanalijua hili kutushinda.

Altezza naipenda. Ile RS200 yenye injini ya 3S-GE, farasi 210, ni gari ya heshima. Lakini ina uzito wa zaidi ya kilo 1,300, taiming yake, yaani kinachozungusha valvu za injini, ni ya mkanda ambao lazima ubadilishwe kwa wakati, na spea zake utazisubiri. Iwe gari ya pili.

Hatua ya 3: Orodha yangu ni fupi

Ya kwanza ni Toyota Vitz RS, ile ya chesisi NCP91. Injini yake ni 1NZ-FE ya sisi (cc, yaani ujazo wa injini) 1,500, farasi zipatazo 110. Hiyo hiyo imo kwenye IST ya 1,500 na kwenye Probox. Plagi, filta, pampu ya maji, vyote utavipata mchana huo huo, na hakuna fundi atakayeishangaa. Taiming ni ya cheni, na inakunywa petroli ya kawaida.

Ya pili ni Suzuki Swift Sport ZC31S, injini ya M16A, sisi 1,600, farasi 125. Kwa kuendesha, inaipita Vitz. Usukani wake ni mtamu na gari inakaa barabarani. Lakini Japani imeandikiwa petroli ya daraja la juu, na spea za bodi huagizwa. Mwenye uwezo zaidi atazame ZC33S iliyotoka 2017: ina injini ya turbo ya sisi 1,400, farasi 140, na uzito wa kilo 970 tu.

Angalizo: herufi RS peke yake isikutoshe. Vitz RS nyingi ni za CVT, yaani otomatiki. Omba picha ya mkono wa gia na pedali tatu.

Hatua ya 4: Soma karatasi ya mnada mwenyewe

Hii ni karatasi ya ukaguzi inayotolewa na mnada wa magari kule Japani. Usikubali kusomewa. Alama 4 na kwenda juu ni nzuri, 3.5 inavumilika, na R au RA maana yake ilipata ajali ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mchubuko, U ni pale palipobonyea, W ni bati lililonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa. Kwetu sisi herufi mbili ndizo za kuogopwa: S, yaani kutu, na C, yaani kutu iliyokwisha kula bati. Gari ya Hokkaido au Aomori ichunguze mara mbili, kwa sababu huko wakati wa theluji barabara humwagiwa chumvi.

Hatua ya 5: Inua gari

Gari yangu ya kwanza ya namna hii niliinunua kwa kutazama rangi. Sikuiinua. Miezi michache baadaye, nikikaribia Amani, paipu ya breki ya nyuma ilipasuka kwa kutu na pedali ikazama mpaka chini. Alhamdulillahi nilikuwa polepole, na hendibreki ikashika. Tangu siku hiyo sinunui gari bila ya kulala chini yake.

Iweke juu ya stendi, usitegemee jeki peke yake. Pitisha tochi kwenye paipu za breki kutoka mbele mpaka nyuma. Gonga vizingiti vya milango kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza hutoa sauti ya boksi. Pitisha sumaku iliyofungwa kitambaa juu ya matao ya magurudumu, na isiponata pana puti, yaani pamezibwa badala ya bati. Fungua boneti utazame vichwa vya shokamzoba kama vina kutu.

Hatua ya 6: Iendeshe

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, na ushike boneti kwa mkono kuhakikisha. Injini baridi ndiyo inayosema: cheni iliyolegea utaisikia ikigongagonga pale inapowaka. Barabarani, kwenye gia ya nne mwendo wa 50, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mzunguko wa injini ukipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Kisha kwenye 30 toka gia ya tatu uingie ya pili. Ikisaga, giaboksi itafunguliwa, na punguza bei au ondoka.

Ukishanunua

Swift Sport huja na tairi za 195/50 za rimu 16. Mimi huzibadilisha kwa 185/60 za rimu 15, baada ya kujaribisha kwamba rimu haigusi breki. Kimo hakibadiliki sana, lakini tairi inapata nyama ya kupokea mashimo.

Na osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Wa Paje na Jambiani, kila wiki wakati wa kusi, maana upepo unatoka baharini. Wa Mjini mara mbili kwa mwezi, na siku yoyote mliyoipeleka gari ufukweni.