Kila Kitabu na Kipimo Chake: Somo la Kusoma na Kuandika Mapitio

Mapitio mengi ya wasomaji huharibikia mahali pamoja. Mtu amezoea riwaya za mapenzi, siku moja anashika tamthilia, kisha analalamika kwamba "maelezo ni machache". Mwingine anafungua diwani ya mashairi na kuuliza mbona hadithi haina mwisho. Kitabu hakina kosa. Kimepimwa kwa kipimo cha jirani yake. Somo hili ni la wale wanaosoma kila kinachopita mbele yao, wanaotaka kuandika kitu ambacho mwenzao atakisoma na kuamua kama atoe pesa yake au asitoe.

Hatua ya kwanza: jua umeshika nini

Kabla ya sura ya kwanza, soma jalada la nyuma, dibaji, na ule ukurasa wa hakimiliki ambao watu wengi huuruka. Hapo utakuta mwaka wa chapa ya kwanza. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Anayeinunua leo ikiwa na jalada jipya, halafu akaandika kwamba mambo yake yamepitwa na wakati, ajue kwamba kilicho kipya ni karatasi tu.

Na msidhani jina la mwandishi linatosha kukuambia aina ya kitabu. Huyo huyo Kezilahabi aliandika Rosa Mistika, riwaya ya maisha tunayoyajua: baba mkali, shule, mji, na binti anayeangamia. Mwaka 1974 akatoa Kichomi, mashairi yasiyofuata vina (sauti za mwisho zinazofanana) wala mizani (hesabu ya silabi), na ugomvi wake na wanamapokeo, wanaoshikilia kanuni hizo, haujaisha hadi leo. Kisha mwaka 1990 ikaja Nagona, na mwaka 1991 Mzingile, vitabu vyembamba vya ndoto na falsafa ambamo ukitafuta "nini kilitokea baadaye" utavifunga kwa hasira. Mwandishi mmoja, vipimo vitatu. Niliowasikia wakisema "Kezilahabi ameharibika mwishoni" walikuwa wanaitafuta Rosa ndani ya Nagona.

Hatua ya pili: soma ukiwa na penseli

Mara ya kwanza soma kama msomaji wa kawaida, usijifanye hakimu. Ila weka alama. Mimi hutumia tatu: mstari pembeni pale palipokuvuta, alama ya kuuliza pale ulipopotea, na namba ya ukurasa kwenye karatasi ya pembeni pale unapodhani utahitaji ushahidi. Kitabu kikiwa cha kuazima, tumia vipande vya karatasi, usikichore. Watu wanaochora vitabu vya maktaba kwa kalamu ya wino tunawajua na tunawaombea.

Hatua ya tatu: uliza kitabu kimeahidi nini

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Riwaya ya upelelezi imekuahidi fumbo na haki. Ukishamjua mhalifu, rudi nyuma: dalili zilizomfichua zilikuwepo mbele ya macho yako? Kama mhalifu amechomozea sura mbili kabla ya mwisho, mwandishi amekupunja, na una haki ya kusema hivyo bila kumtaja mhalifu mwenyewe. Ila angalia tena ni upelelezi gani. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tuliyemjua tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ana kiko chake na akili yake. Anauliza, anafikiri, anaunganisha. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni jasusi, na ulimwengu wake ni mbio, bastola na hatari. Kumlaumu Gamba kwamba hakai chini kufikiri, au kumlaumu Bwana Msa kwamba hapigi mtu, ni kukosa adabu ya kusoma.

Ushairi usiusome kwa macho peke yake. Usome kwa sauti, na kama ni wa kimapokeo, hesabu mizani. Chukua mishororo hii miwili niliyoitunga kwa ajili ya somo:

*Jirani kaja na taa, kumbe mafuta hayamo*
*Tumeketi twashangaa, giza limetanda humo*

Ji-ra-ni-ka-ja-na-ta-a: minane. Ku-mbe-ma-fu-ta-ha-ya-mo: minane. Angalia mambo mawili. "Taa" inahesabiwa mizani miwili, si mmoja, na hapo ndipo wanaoanza huanguka. Halafu "kaja" si kosa la sarufi; mshairi amefupisha ili mshororo utimie, na hiyo ni inkisari, haki yake ya siku zote. Vina ni "-aa" katikati na "-mo" mwishoni. Sasa, hesabu kutimia hakufanyi shairi kuwa zuri. Neno "humo" pale mwisho limekuja kwa sababu gani? Lina kazi, au limeitwa kuja kumalizia kina? Mimi nasema limeitwa kumalizia kina. Ukiweza kuonyesha kitu cha namna hiyo kwenye diwani unayoipitia, umeshaandika jambo ambalo mshairi mwenyewe atalisoma mara mbili. Kwa mashairi huru swali linageuka: kama hakuna vina, ni nini kinachoushikilia ubeti? Picha? Marudio? Pumzi? Kama hakuna kitu, basi ni nathari, maandishi ya kawaida, iliyokatwakatwa.

Tamthilia imeandikwa ili isemwe. Tafuteni watu wawili watatu, mgawane wahusika, msome ukurasa mmoja kwa sauti sebuleni. Mstari unaomkata msemaji pumzi utajulikana papo hapo. Soma pia maelekezo ya jukwaani, maana wengi huyaruka kisha wakasema hawakuelewa nani aliingia. Na tamthilia ya kihistoria haikuahidi kuwa kitabu cha historia. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969) imejengwa juu ya Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, lakini swali lake ni la imani: nini kinampata mtu ambaye neno lake limewaunganisha watu, naye mwenyewe anaanza kulitilia shaka? Ukiandika ukurasa mzima wa kusahihisha matukio, tamthilia imekupita.

Wasifu (maisha ya mtu mwingine) na tawasifu (maisha ya mwandishi mwenyewe) watu huvichanganya. Shaaban Robert aliandika vyote viwili: maisha yake mwenyewe katika Maisha Yangu, na maisha ya mwimbaji wa taarabu katika Wasifu wa Siti binti Saad. Katika wasifu unauliza: amejuaje haya, nani kamweleza, anampenda mno mtu wake? Katika tawasifu unauliza: ameruka wapi? Mtu anayetumia kurasa thelathini kueleza utoto wake na mistari miwili kueleza ndoa iliyovunjika amekuambia kitu kwa kunyamaza. Kitaje kwa upole. Usijaze pengo kwa uvumi.

Tafsiri ina waandishi wawili, na mapitio yasiyomtaja mfasiri ni nusu. Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kiswahili chake, Peponi, ni kazi ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobeli. Si lazima ujue lugha ya kwanza ya kitabu. Uliza tu kama watu wa humo wanaongea kama watu wa mahali pao, au wanaongea kama waliokariri.

Vitabu vya watoto: msomee mtoto, umwangalie yeye, usiangalie kitabu. Vitabu vya biashara na hamasa: toa hadithi za matajiri wote, uone kilichobaki. Vitabu vya dini: sema vimeandikwa kwa nani, kwa kiwango gani cha elimu, na uache kuhukumu imani ya mtu.

Hatua ya nne: andika

Maneno mia nne hadi mia sita yanatosha. Muhtasari usizidi robo, na ukome kabla ya katikati ya kitabu. Kisha sema kitabu kilitaka kufanya nini, kimefika au hakikufika, na kila dai liwe na mahali pa kulishika.

Hili ni dai lisiloshikika: "Kitabu hiki ni kizuri sana, kimesheheni mafunzo, lugha ni nyepesi." Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye kitabu chochote, hata cha mapishi ya pilau. Sasa hili: "Sura tatu za mwanzo zinajikokota kwa sababu mwandishi anatutajia ukoo mzima kabla ya mtu yeyote kufanya jambo, lakini tangu mzee anapofariki, uk. 41, sikukiweka kitabu chini." Ya pili ina lawama na sifa kwa pamoja, na msomaji asiyependa vitabu vinavyoanza polepole ameshajua la kufanya.

Malizia na nani atakipenda na nani hatakipenda. Nyota tano au tatu ukipenda, ila nyota bila maneno hazisemi kitu.

Hatua ya tano

Iache ilale usiku mmoja. Asubuhi hakiki tahajia ya majina ya wahusika, jina la mchapishaji, mwaka na bei uliyonunulia. Kosa dogo kwenye jina la mhusika mkuu linamfanya msomaji aulize kama kitabu ulikisoma kweli.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Morogoro: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo kidato cha tano, tumefundishwa kuchambua fani na maudhui. Hii ina tofauti gani?

Marahaba mwanangu. Uchambuzi wa darasani unaandikiwa mtu ambaye ameshakisoma kitabu, yaani mtahini. Mapitio yanaandikiwa mtu ambaye hajakisoma. Kwa hiyo kwenye mtihani utataja mwisho, dhamira zote na tamathali zote zilizoulizwa. Kwenye mapitio chagua mambo mawili matatu yanayokibeba kitabu, mengine yaache. Ila usiitupe elimu hiyo. Anayejua kutofautisha mhusika bapa, asiyebadilika, na mhusika duara, anayebadilika, ana macho makali kuliko wengi humu.

Mwanachama, Mombasa: Napenda diwani za Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa. Wenzangu wa bara huniambia hawaelewi. Nikiandika mapitio, niuhesabu ugumu huo kuwa dosari?

La, hasha. Abdilatif Abdalla alitunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni Kenya, kati ya 1969 na 1972, kwa lugha iliyomlea. Lahaja ni sehemu ya kitabu. Unachoweza kufanya ni kumsaidia msomaji: mwambie kama kuna sherehe, yaani orodha ya maana ya maneno magumu, na umpe maana ya maneno matatu manne yanayojirudia. Kama mchapishaji hakuweka sherehe, lawama hiyo ni yake, si ya mshairi.

Mwanachama, Dar es Salaam: Kaka, mwandishi kanipa nakala ya bure na ananipigia simu kila siku kuuliza mapitio yako wapi. Nifanyeje?

Pole sana. Andika mstari mmoja mwanzoni: "Nakala hii nimepewa na mwandishi." Baada ya hapo uko huru. Kama huwezi kuwa huru kwa sababu ni shemeji yako au mnasali pamoja, usiandike. Mpigie simu umwambie maoni yako yeye peke yake. Na simu za kila siku mwambie ukweli, kwamba mapitio ya haraka yanamwumiza yeye kuliko wewe.

Mwanachama, Kampala: Nimeshindwa kumaliza riwaya, nimeishia ukurasa wa 90. Naweza kuandika?

Unaweza, ukisema hivyo waziwazi na ukieleza kilichokusimamisha. Usitoe hukumu ya kitabu kizima. Na kama ni riwaya ya upelelezi, nyamaza tu: huwezi kupima fumbo ambalo hujaona likifumbuliwa.

Mwanachama, Arusha: Vitabu ni ghali. Nikisoma nakala ya PDF inayozunguka WhatsApp, kuna ubaya kuandika mapitio yake?

Kuna ubaya kuisoma. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa nakala chache mno. Pia zile nakala mara nyingi zina kurasa zilizoruka, kwa hiyo utalaumu pengo ambalo mwandishi hakuliacha. Nenda maktaba ya mkoa, au mchangie watano mnunue nakala moja mzungushane. Mimi nimeona kikundi kinachofanya hivyo: kila anayemaliza huandika maoni kwenye kikaratasi, anakikunja na kukitia bahasha ya nyuma, na hakuna anayefungua bahasha mpaka wa tano amalize.

Mwanachama, Muscat: Bahasha hiyo huzuia nini hasa?

Huzuia wa pili kuandika mawazo ya wa kwanza. Mara nyingi wanne wakikisifu kitabu, wa tano huona aibu kusema kilimchosha.